Kabla Hujang'oa Sensa ya Noki

Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ni tambarare kiasi kwamba dereva wa Ramisi anaweza kukaa miezi bila kujua kwamba injini yake inalia. Akitoka darajani Ramisi kwenda Msambweni, akapita Gazi hadi Ukunda, hakuna mlima unaoilazimisha injini kutoa nguvu zake zote. Siku anapoitwa na shughuli za kaunti mjini Kwale ndipo mambo hufichuka. Anakunja kushoto pale Kombani, anaanza kuupanda mteremko wa Golini, gari lina abiria wanne na kiyoyozi kimewashwa, na kutoka chini ya boneti unasikika mlio mkavu wa chuma, mwembamba, wa haraka, unaokuja akikanyaga mafuta na kutoweka akiachia. Pengine taa ya injini inawaka pia. Akifika gereji, mashine inachomekwa, namba P0325 inatokea, na hukumu inatolewa pale pale: sensa ya noki imekufa, nunua nyingine. Ushauri wangu kwa msomaji ni kwamba asikubali hukumu hiyo upesi. Sensa ya noki ni mjumbe, na wahenga walishasema mjumbe hauawi. Mara nyingi kinachostahili kutengenezwa ni waya unaopeleka ujumbe, au kile kinachosikika ndani ya injini, na sensa yenyewe inakuja mwisho wa orodha ya washukiwa.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima tujue noki ni nini. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli unatakiwa kuwashwa na cheche ya plagi, kisha moto usambae kwa mpangilio kutoka kwenye plagi hadi kingo za silinda, ukiisukuma pistoni chini. Moto unaposambaa, mchanganyiko ambao haujafikiwa unabanwa na kupashwa joto zaidi na zaidi. Ukizidiwa na joto na mbano huo, unalipuka wenyewe kwa mara moja kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlipuko huo unapiga mawimbi ya shinikizo yanayogonga kuta za silinda huku na huku, na mlio tunaousikia ni bloku la injini likitetemeka. Huu si ule mlio mzito wa beringi za konrodi zilizokwisha, ambao mafundi wetu nao huuita kunoki. Mlio wa beringi ni wa chini, mnene, husikika hata gari likiwa limesimama, na huongezeka na mizunguko. Noki ya mwako huja injini inapobebeshwa mzigo, hasa ikiwa kwenye mizunguko michache na gia kubwa. Tofauti hii si ya kupuuzwa, kwa sababu noki ya mwako ikiachwa kwa muda mrefu hutoboa pistoni, huvunja ringi na huzichosha beringi, na hapo mwenye gari huwa na noki zote mbili.

Sensa yenyewe ni kifaa kidogo kisicho na ujanja mwingi. Ndani yake mna kipande cha kauri au fuwele ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Kinafungwa kwa bolti kwenye bloku na kulisikiliza saa zote. Mlio wa noki una kimo chake, na kimo hicho hutegemea upana wa silinda. Injini ya Toyota 1NZ-FE, ile iliyo kwenye Probox nyingi, Vitz za lita 1.5 na Fielder, ina silinda zenye upana wa milimita 75, na noki yake hulia kwa mitetemo zaidi ya 7,000 kila sekunde. Injini yenye silinda pana hulia chini kidogo ya hapo. Kompyuta ya gari inajua kimo cha mlio wa injini yake, na inajua pia wakati wa kusikiliza: ni kipindi kifupi baada ya pistoni kupita kilele chake, kwa sababu hapo ndipo noki hutokea. Kelele za vali, za pampu na za mawe ya barabara zinazokuja nje ya kipindi hicho au nje ya kimo hicho hutupwa. Ikisikia noki, kompyuta huichelewesha cheche kwa nyuzi chache, noki inakoma, kisha huirudisha cheche polepole mpaka isikie tena. Mchezo huu wa kusogea na kurudi hufanyika muda wote ambao injini iko kazini. Magari ya abiria yalianza kupata mfumo huo mwishoni mwa miaka ya 1970, kwanza kwenye injini za turbo kama V6 ya Buick ya 1978, na leo ni vigumu kupata gari dogo la petroli linaloingia Mombasa bila kuwa nao.

Kutokana na kazi hiyo tunapata kipimo cha kwanza cha kumsahihisha fundi mwenye haraka. Namba za kundi la P0325 hazisemi kwamba injini inanoki. Zinasema kwamba kompyuta haiamini kile inachokipata kutoka kwenye waya wa sensa: hakuna ishara, au ishara ni ndogo mno (P0327), au kubwa mno (P0328). P0330 husema hayo hayo kwa upande wa pili wa injini ya V. Kompyuta ikikosa imani hiyo, huchukua njia ya tahadhari: inaichelewesha cheche moja kwa moja, injini inapoteza nguvu, na mafuta yanaliwa zaidi. Kwa upande mwingine, injini inayonoki kwa sababu ya petroli mbovu au joto, sensa yake ikiwa nzima, kwa kawaida haiwashi taa yoyote. Na ipo hali ya tatu, ambayo naiona ndiyo iliyowagharimu watu wengi zaidi bila wao kujua: sensa ni nzima, inasikia noki ndogo ndogo, kompyuta inaichelewesha cheche kimya kimya, dereva hasikii mlio wala haoni taa, ila gari ni zito na tangi linakauka upesi. Mwenye gari wa namna hiyo huambiwa abadilishe plagi, asafishe nozeli, abadilishe pampu, na hakuna anayeuliza sensa imekuwa ikisikia nini. Kwa hiyo taa bila mlio ituelekeze kwenye waya na soketi. Mlio bila taa utuelekeze kwenye mafuta, joto na kaboni. Na uzito bila mlio wala taa utuelekeze kwenye mashine inayoweza kusoma marekebisho ya cheche injini ikiwa inatembea, si ile inayosoma namba tu na kuzifuta.

Tuje sasa kwenye mahali ilipo, kwa maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mwongozo wa kuitafuta ni akili ya kawaida: sensa huwekwa mahali panaposikika silinda zote kwa usawa. Haikai kwenye kifuniko cha vali, haikai kwenye ekzosi, na ni nadra kukaa kwenye hedi, ambako makelele ya vali ni mengi. Iko ubavuni mwa bloku, upande wa juu karibu na silinda, na kwenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja huwa katikati, mara nyingi kati ya silinda ya pili na ya tatu. Kwenye 1NZ-FE manifoldi ya plastiki inayoingiza hewa iko mbele, upande wa radieta, na sensa imejificha nyuma na chini yake, kwenye ubavu wa bloku. Mpango wa 1ZZ-FE na wa 2AZ-FE, injini tulizozizoea kwenye Corolla, Premio za lita 1.8, RAV4 na Harrier za lita 2.4, unafanana na huo. Ukichungulia kutoka juu kwa tochi utaona waya ukiteremka gizani, na mara nyingi ni rahisi kuufikia ukiingia chini ya gari kuliko ukilala juu ya boneti. Umbo lake ni mojawapo ya mawili. Ya zamani imejichonga kama bolti nene yenye waya mmoja, na inaskuruliwa ndani ya bloku. Ya sasa ni duara bapa lenye tundu katikati, linafungwa kwa bolti inayopita kwenye tundu hilo, na lina waya mbili. Waya huo mara nyingi huvikwa kinga dhidi ya kelele za umeme za koili na altaneta, na kinga hiyo ni sehemu ya kazi, si pambo la kukatwa ili kuunga waya wa redio.

Injini za V ndizo zinazotesa. Harrier ya kwanza yenye 1MZ-FE ya lita 3.0 ina sensa mbili, zote ziko bondeni kati ya safu mbili za silinda, chini kabisa ya manifoldi. Kuzifikia ni lazima manifoldi ifunguliwe yote, na gasketi zake zibadilishwe. Nissan zenye VQ nazo zimeificha sensa bondeni. Hapo fundi anayesema kwa urahisi kwamba tubadilishe tuone anakuuzia siku nzima ya kazi na gasketi kwa kubahatisha. Subaru, ambazo vijana wa Diani wanazipenda, zina nafuu: kwenye injini za EJ sensa iko juu ya bloku, chini ya manifoldi upande wa kushoto, na mkono mwembamba wenye soketi ndefu huifikia bila kufungua mengi. Plastiki ya sensa hizo hupasuka kwa uzee, na ufa unaonekana kwa macho. Magari yenye dizeli, kuanzia Hiace za matatu hadi pikapu za mashambani, kwa kawaida hayana sensa hii, kwa sababu dizeli huwaka kwa mbano na mlio wake wa kugonga ni wa asili yake. Bodaboda na tuktuk zetu nyingi za kabureta hazina pia. Anayekuuzia sensa ya noki ya tuktuk ya kabureta, mwache aende zake.

Baada ya kujua ilipo, anza na waya, na hapa pwani yetu ina sababu za kipekee. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hupenya kwenye soketi ambayo mpira wake umekauka. Gari lililotumika Japani huingia Kenya likiwa halijazidi miaka 8 kwa kanuni ya shirika la viwango, KEBS, lakini likifika hapa hukaa miaka 10 au 15 mingine, na plastiki iliyopikwa kwenye joto la injini muda wote huo huvunjika ikiguswa. Ongeza na mtindo wa kuosha injini kwa mashine ya presha, ambapo maji hujaa kwenye bonde la injini ya V na kutuama juu ya sensa kwa siku nyingi. Ongeza panya wa ghala la mahindi. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote soketi ichomolewe, pini ziangaliwe kama zina ukijani au kutu, zisafishwe kwa dawa ya kusafishia umeme, kisha waya ufuatwe hadi kwenye kompyuta kwa mita ili kujua kama umekatika au umegusa bodi. Sensa nayo hupimwa ukinzani wake, lakini usikubali kipimo kisicho na kitabu: sensa bapa nyingi za Toyota zinatakiwa zisome kati ya kilo-omu 120 na 280 zikiwa baridi, ilhali za kampuni nyingine husoma mbali na hapo, na ile ya zamani yenye waya mmoja huenda isisome kitu na iwe nzima. Mafundi wengine hugonga bloku kwa nyundo ndogo karibu na sensa na kutazama kama cheche inasogea. Kwenye magari ya zamani ni jaribio zuri. Kwenye mapya kompyuta husikiliza kwa kipindi kile kifupi tu, ikautupa mlio wa nyundo kama kelele, na sensa nzima ikahukumiwa imekufa.

Waya ukiwa mzima na mlio ukiwapo, swali linahamia kwenye kile kinachomiminwa tangini. Uwezo wa petroli kuvumilia mbano bila kulipuka yenyewe hupimwa kwa namba ya okteni. Japani, petroli ya kawaida lazima ifikishe okteni 89, na ile ya daraja la juu 96. Probox na ndugu zake zimeundwa kwa ile ya kawaida, pamoja na kwamba mbano wa 1NZ-FE ni 10.5 kwa 1, na petroli halali ya vituo vyetu inazitosha. Subaru za turbo na baadhi ya magari makubwa ya kifahari yameundwa kwa daraja la juu, na agizo hilo limeandikwa kwa Kijapani nyuma ya kifuniko cha tangi. Wengi huliona andiko hilo kila wiki na hawajawahi kuliuliza. Lipige picha, simu itakufasiria. Sasa chukua petroli halali, uitie mafuta ya taa, na okteni inaporomoka, kwa kuwa mafuta ya taa hulipuka kwa mbano kwa urahisi sana na huacha kaboni juu ya pistoni. Kaboni hiyo hubana nafasi ya mwako na kubaki nyekundu kwa joto, na hivyo huleta noki hata baada ya mafuta mabovu kwisha. Uchanganyaji huu si hadithi. Ndio uliozifanya nchi zetu mbili zipandishe kodi ya mafuta ya taa, Tanzania mwaka 2011, na Kenya Septemba 2018 ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili bei yake isimvutie mchanganyaji. Kishawishi kilipungua. Hakikwisha, na waliolipa zaidi ni wapishi na wenye vibatari ambao hawajawahi kumiliki gari, jambo ambalo kwangu linabaki kuwa dhuluma hata kama nia ilikuwa njema.

Hapo utasikia pingamizi, na si la kipuuzi: petroli yote ni moja. Inashuka bandarini Mombasa, na tangu kiwanda cha Changamwe kiliposimama kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, yote huja ikiwa imeshasafishwa, inaagizwa kwa pamoja na kugawanywa kwa kampuni zote. Kwa nini basi kituo kimoja kiwe na lawama na kingine kisiwe nayo? Ni kweli kwamba chanzo ni kimoja, na ndiyo maana sina hamu ya kumwambia mtu kwamba jina fulani la kampuni litamponya. Lakini kati ya bandari na tangi lako kuna lori, kuna tangi la chini ya ardhi linaloweza kuingiza maji mvua za masika zikizidi, na kuna chupa. Chupa ndizo ninazozitilia shaka kuliko vituo. Petroli inayouzwa kando ya barabara kwa chupa za soda, iwe imetoka kituoni au imevuka mpaka kwa njia zake, haina risiti wala haijulikani ilikaa juani siku ngapi, na sehemu nyepesi za petroli huruka zenyewe ikiachwa wazi. Kwa bodaboda isiyo na sensa na yenye mbano mdogo, hasara huenda ikawa ndogo. Kwa Fielder ni namna ya kununua noki kwa rejareja. Jaribio lake ni rahisi: tembea hadi tangi likaribie kwisha, jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, weka risiti, kisha upande mlima ule ule wa Golini ukiwa na mzigo ule ule. Mlio ukitoweka au ukipungua kwa tangi la pili, sensa yako haina kosa. Ukiwa na risiti na shaka yenye msingi, EPRA ndiyo mamlaka inayopokea malalamiko ya mafuta machafu na kupima vituo.

Mafuta yakiwa safi na mlio ukabaki, tazama joto. Mjini Ukunda na vijijini mpaka Vanga, radieta nyingi hunywa maji ya kisima. Ardhi yetu ya ukanda wa pwani ni mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa, karibu na bahari yana chumvi pia. Chokaa hujenga ganda kwenye njia za maji ndani ya bloku na hedi, ganda huzuia joto lisitoke, na sehemu chache za ukuta wa silinda hubaki na moto kupita kiasi. Mshale wa joto kwenye dashibodi hauwezi kukuonyesha hayo, kwa kuwa unapima maji, si chuma. Kisha kuna desturi ya kuitoa thermostati na kuitupa kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto na ni kifaa cha nchi za baridi. Hoja hiyo inavutia, nayo ni potofu. Bila thermostati injini hukaa chini ya joto lake la kazi katika safari za kawaida, kompyuta inadhani gari halijapata moto na kuongeza petroli, na petroli ya ziada huacha ile ile kaboni inayoleta noki siku ya mlima. Gari linalokunywa oili nalo lina noki yake, kwa sababu oili inayopenya kwenye mwako huishusha okteni kama mafuta ya taa yafanyavyo. Plagi zenye kiwango kibaya cha joto, hewa inayovuja kwenye manifoldi na vali ya kurudisha moshi iliyoziba humalizia orodha. Katika yote haya hakuna hata moja linaloponywa na sensa mpya. Sensa mpya itasikia noki ile ile, pengine kwa usikivu zaidi, na gari litakuwa zito kuliko jana.

Wengine husema haya yote ni anasa ya vitabu, na kwamba fundi wa jua kali ana dawa ya haraka: anakata waya, anaweka rizista ndogo ili kompyuta idhani sensa ipo, taa inazima na gari linatembea. Au kwa zile V6, anaiacha sensa ya bondeni mahali pake, ananunua nyingine na kuifunga nje, popote penye bolti, asifungue manifoldi. Siwadharau mafundi hao. Wameyafikisha nyumbani magari mengi ambayo wenye gereji kubwa wangeyakataa, na tatizo walilopewa lilikuwa ni taa na bajeti. Lakini tazama walichokifanya. Kwa rizista, kompyuta inaletewa kimya cha daima. Inaamini kwamba hakuna noki, inarudisha cheche mpaka ukomo wake, na siku tangi litakapopata mafuta mabaya hakuna kitakachoizuia injini isijipige yenyewe. Ni afadhali taa iwake na kompyuta ibaki katika tahadhari yake kuliko kuipa uongo huo, maana katika tahadhari utapoteza mafuta tu. Na sensa iliyofungwa kwenye kishikio cha altaneta au kwenye hedi husikia ngoma nyingine kabisa, ikasababisha cheche icheleweshwe bila sababu au iachwe wakati wa hatari. Kama fedha hazipo leo, la busara ni kuendesha kwa upole huku taa ikiwaka, kuepuka mzigo na gia kubwa kwenye mlima, mpaka zipatikane.

Pingamizi la wazee ni zuri zaidi: Peugeot 504 na Datsun zilipanda milima hii miaka nenda miaka rudi bila sensa yoyote. Ndivyo ilivyokuwa. Zilikuwa na mbano mdogo, cheche iliyowekwa nyuma kidogo kwa usalama, na dereva mwenye masikio aliyejua kuachia kanyagio. Zilikuwa pia na madini ya risasi ndani ya petroli, yaliyotiwa humo baada ya Thomas Midgley wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba yanazuia noki. Risasi hiyo ilitoka kwenye ekzosi na kuingia kwenye damu za watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo tumeondoa kinga moja kwa sababu njema, na sensa ni sehemu ya kilichoziba nafasi yake. Kuna kinga nyingine ambayo Ramisi ingeweza kuizungumzia kwa haki. Ethanoli ya miwa ina okteni inayozidi 100, na Kenya iliwahi kuichanganya kwenye petroli katika miaka ya 1980 kutoka kiwanda cha Muhoroni, miaka ile ile ambayo kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kikielekea kufungwa mwaka 1988. Miwa imerudi kuota kando ya barabara hii. Petroli yenye ethanoli haijarudi kwenye pampu zetu, na hadi irudi, dawa za chupa zinazodai kuongeza okteni zisikuchukulie pesa kabla hujajua kama petroli yako ni petroli.

Ikithibitika, baada ya haya yote, kwamba sensa imekufa kweli, basi inunuliwe kwa namba ya kipuri iliyo kwenye ile ya zamani, si kwa kufananisha umbo. Sensa mbili zinazofanana kwa macho huweza kusikiliza vimo tofauti. Iliyotumika kutoka kwenye injini iliyokatwa Japani inaweza kukufaa kwa gari la silinda nne, ambapo kuibadilisha tena ni kazi ya saa moja, lakini kwa V6 ni kuweka rehani gasketi zote na kazi ya siku nzima kwa kifaa chenye umri wa gari lako. Mahali inapokaa pasafishwe mpaka chuma kitupu, pasipakwe silikoni wala kuwekwa washa ya ziada, kwa kuwa sensa husikia kupitia kugusana kwa chuma na chuma. Bolti ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa sensa bapa nyingi ni karibu niutoni-mita 20, kipimo ambacho mkono wa fundi mwenye nguvu hukipita bila kujua. Ikilegea haisikii, ikizidi kukazwa kauri ya ndani hubanwa na kubadilisha usikivu wake, na watu hurudi gereji wiki ya pili wakidai wameuziwa feki. Uelekeo wa waya nao ufuate ulivyokuwa, usije ukagusa ekzosi au kuvutwa injini inapotikisika.

Kwa hiyo utakapolipeleka gari gereji, iwe Msambweni au Ukunda, mwambie fundi akuandikie namba iliyosomwa kabla hajaifuta, akufungulie soketi ya sensa uione kwa macho yako, na akupimie waya mbele yako. Peleka na risiti ya mafuta ya mwisho, na umweleze mlio ulisikika wapi, gia ya ngapi, na gari likiwa na mzigo gani. Akikataa kuyafanya hayo kabla ya kukutajia bei ya sensa, tafuta fundi mwingine.